Barua ya wazi kwa wakubwa wa maji: tufungulieni faili la silanga lililo juu yetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa wakuu wa NEMA, mamlaka ya mazingira, na kwa Gavana wetu.

Hamjambo waheshimiwa. Sisi ni wakaaji wa bonde moja hapa Rift Valley, wengi wetu tuna vishamba vidogo vya mahindi na viazi na wengine ni vibarua kwa shamba kubwa lililo juu yetu, shamba la mtu binafsi linalokuza mishiri (french beans) na avokado za kuuza nje, na shamba hilo lina silanga, yaani bwawa, la kumwagilia maji. Jina la shamba sitaliandika juu hii barua si ya kumchafulia mtu jina, na pia juu najua hatuko peke yetu, ukitoka Subukia uteremke hadi Naivasha, uende Laikipia, urudi Kiambu na Murang'a, utakuta shamba na silanga juu halafu watu chini. Kwa hivo mkiisoma chukueni ni kama imetoka kwa hao wote.

Ombi letu ni moja na nalisema mapema ndo msichoke kabla hamjalifikia. Tunataka faili la silanga hilo lifunguliwe mbele yetu. Kama kuna kibali tukione, kama kuna injinia aliyekuja kulikagua tuambiwe ni nani na alikuja lini na aliandika nini, na kama hakuna kibali wala injinia basi tuambiwe hivo wazi kwa baraza ya chifu, kabla mvua ndefu ya Machi haijaanza.

Hatupingi silanga, tafadhali mtuelewe hapo. Kiangazi kikikaza ndilo linafanya shamba lisifunge na vibarua wasirudishwe nyumbani, na kuna miaka meneja ametufungulia paipu moja ya kunywesha ng'ombe wetu na tulishukuru. Maji yakihifadhiwa vizuri ni baraka kwa kila mtu. Shida yetu ni ule ukuta unaoyashika, juu sisi ndo tuko chini yake, na hakuna hata mmoja wetu anayejua hali yake.

Ngoja niwaeleze tunachokiona. Tuta ni la udongo, limekatiza kijito ambacho kiangazi huwa ni kamchirizi tu lakini mvua ikinyesha juu mlimani kinakuja na mawe. Wazee wanasema lilichimbwa enzi za mzungu na wakati huo lilikuwa fupi. Mwaka mmoja wa ukame mkali buldoza ililetwa, ikasukuma udongo juu ya tuta lile la zamani, tukaona silanga limekua na maji yamepanda hadi kwa ile miti ya kando. Hatukuona mtu akipima. Hatukuona nyasi za zamani zikitolewa kwanza kabla ya udongo mpya kuwekwa, na mtu yeyote aliyefanya kazi ya barabara atakwambia udongo unawekwa tabaka kwa tabaka, unanyunyiziwa maji kiasi, unashindiliwa na rola, halafu tabaka lingine, na ukiuweka tu juu ya nyasi utabaki na mstari katikati ambapo ya chini na ya juu hazijashikana, na maji yakifika kwa huo mstari yanajipenyeza.

Halafu kuna spilwei, ile njia ya kando ya kutoa maji ya ziada. Hiyo ndo roho ya silanga la udongo na ndo inatunyima usingizi zaidi. Tuta la udongo linaweza kukaa miaka na miaka likisukumwa na maji kutoka ndani, lakini haliwezi kuvumilia maji yakipita juu yake. Yakianza kupita juu yanakula mgongo wa nyuma, yanachonga mfereji, mfereji unakuwa korongo, na kutoka hapo hakuna tena mtu wa kulizuia, si kwa magunia wala kwa tingatinga. Sasa hii spilwei yetu imewekwa magunia ya mchanga kwa mdomo ili silanga lishike maji zaidi, na mbele ya magunia kuna wavu wa kuzuia samaki wasitoroke. Huo wavu ukikamata majani na matawi siku ya mvua unageuka kuwa ukuta mwingine. Walioweka hawakuwa na nia mbaya, walitaka maji na walitaka ngege, lakini mvua haiangalii nia ya mtu. Na kumbukeni tuta lilipandishwa na spilwei haikupanuliwa hata futi moja.

Nyuma ya tuta, chini kabisa kwa mguu wake, kuna mahali pameloa hata Januari wakati kila kitu kimekauka. Nyasi hapo ni kijani mwaka mzima. Kuloa peke yake si lazima iwe hatari, silanga nyingi za udongo huvuja kidogo na zinaishi, lakini kitu cha kuangalia ni rangi ya hayo maji. Yakiwa safi, tuta linatoa jasho tu. Yakiwa na matope, manake udongo wa ndani unabebwa kidogo kidogo, tundu linachimbwa kutoka nyuma likielekea kwa maji, na siku litakapofika upande wa pili silanga linaisha, hata kama hakuna mvua siku hiyo na jua linawaka. Mwaka jana mvua ilipokatika tuliona hayo maji yakitoka rangi ya chai. Tukaambia askari wa shamba, akasema atamwambia meneja. Sijui kama alimwambia.

Kuna pia miti. Migunga na mikaratusi imeota kwa tuta lenyewe, mingine imenenepa mpaka huwezi kuikumbatia, na watu wanafikiri miti inashika udongo kumbe kwa tuta la silanga ni kinyume, juu mizizi inatafuta maji, na mti ukikatwa au ukifa mizizi inaoza na kuacha mapaipu matupu ndani ya ukuta. Ukiongeza mashimo ya fuko na njia za ng'ombe zilizokata mgongo wa tuta, unapata mahali pengi pa maji kuanzia. Na lile paipu la chini la kutoa maji, lenye valvu, fundi aliyewahi kufanya kazi huko anatuambia valvu ilishika kutu zamani. Kama ni kweli basi hata mtu akitaka kupunguza maji haraka usiku wa hatari hataweza, na hilo ndo jambo la kwanza injinia yeyote angeuliza akifika pale. Na kando ya paipu, ule upande wa nje unaogusana na udongo, ndipo maji hupenda kupitia kama halikufungwa vizuri wakati wa kujenga.

Haya yote tumeyaona kwa macho ya watu wa kawaida, hatuna vipimo. Inawezekana injinia akija aseme silanga liko sawa, toeni wavu na magunia, kateni miti kwa utaratibu, rekebisheni valvu, basi. Tutafurahi sana tukisikia hivo. Lakini mtu wa kutuambia hivo hatujawahi kumuona.

Tulipouliza tuliambiwa eti hilo ni silanga dogo. Nimekaa na hilo jibu nikalitafakari. Kanuni za maji za 2007 ziligawa mabwawa kwa madaraja matatu, A, B na C, na kipimo kilikuwa kina cha maji, ujazo, na ukubwa wa eneo linalokusanya hayo maji. Chini ya mita 5 za kina na chini ya mita za ujazo 100,000 wewe uko A, na A ikaitwa ya hatari ndogo. Sasa nyinyi wakubwa angalieni hiyo hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Silanga la mita za ujazo 50,000, ambalo kwa karatasi ni dogo kabisa, limebeba tani 50,000, yaani malori 5,000 ya tani kumi kumi, na yote yatakuja kwa bonde moja kwa muda mfupi kuliko wa kuivisha githeri. Urefu wa ukuta unapimwa, ujazo unapimwa, lakini watoto wangapi wanalala chini yake, hilo halimo kwa kipimo. Tena kama tuta lilipandishwa na buldoza, huenda hata hiyo A si yake tena, imeshaingia B na karatasi bado inasema A, kama hata karatasi iko.

Wengine watasema naleta hofu. Waheshimiwa, hofu haikuanza na mimi. Jumatano ya Mei 9, 2018, giza likiwa limeshaingia, bwawa la Patel kule Solai lilipasuka. Lilikuwa bwawa la shamba la mtu binafsi, la udongo, la kumwagilia, na shamba hilo halikuwa na bwawa moja, yalikuwa kadhaa. Maji yakashuka kwa vijiji vya Energy na Nyakinyua watu wakiwa wanapika, wengine wamelala, yakabeba nyumba, mifugo, mashamba, stima, kila kitu. Watu 48 walikufa, wengi wao akina mama na watoto. Baadaye Mamlaka ya Rasilimali za Maji yenyewe ikasema mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Mimi sijawahi kuelewa hilo. Bwawa si kitu cha kufichwa mfukoni, linaonekana kutoka barabarani, linaonekana hata kwa picha za setelaiti, limekaa hapo miaka, na siku ya maiti ndo inajulikana halikuwa na kibali?

Kesi nayo mnaijua. Watu wakashtakiwa, wa shamba na wa serikali pamoja, halafu Februari 2020 korti ya Naivasha ikawaachilia washtakiwa wote tisa juu upande wa mashtaka haukuwa unaendeleza kesi, DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, akakata rufaa, na Mahakama Kuu ikairudisha. Watu wa Solai wamezika na wamekaa kwa korti miaka. Siandiki haya kuhukumu mtu, kazi hiyo ni ya korti. Naandika juu baada ya Solai tuliahidiwa mabwawa yote ya aina hiyo nchi nzima yatakaguliwa, na hapa kwetu hatukuona mkaguzi. Labda alikuja usiku, labda alikuja na kuongea na meneja akarudi. Kama alikuja, aliandika. Kama aliandika, tunaomba tusome.

Na hili jambo si letu Kenya tu. Kule Hawaii, kisiwa cha Kauai, kulikuwa na bwawa la kumwagilia linaitwa Ka Loko, tuta la udongo la tangu enzi za mashamba ya miwa, miaka ya 1890 huko, nalo likaja kuwa la mtu binafsi. Alfajiri ya Machi 14, 2006, baada ya mvua ya wiki nyingi, tuta likakatika na watu 7 wakafa. Uchunguzi ulipofanywa swali kubwa likawa spilwei, juu walikuta haionekani, na wakasema ilikuwa imefukiwa. Na serikali ya jimbo hilo, jimbo tajiri la Marekani, ikakutwa haikuwahi kulikagua hilo bwawa ingawa ilikuwa na sheria ya kukagua. Mwenye bwawa aliishia jela miezi saba, mwaka wa 2014, yaani miaka minane baada ya mazishi. Mwaka mmoja tu baada ya mkasa, 2007, jimbo lilipitisha sheria mpya ya usalama wa mabwawa. Mimi nikisoma hiyo naona Solai, na nikitoka nje nikiangalia juu naona magunia kwa spilwei yetu.

Waingereza waliotuachia haya masilanga, kwao nyumbani walijifunza mapema kidogo. Mwaka wa 1925 bwawa lilipasuka juu ya kijiji cha Dolgarrog, Wales, watu 16 wakafa, na 1930 wakatunga sheria ya usalama wa mabwawa. Iliyofuata ni ya 1975, na ilivyotungwa ilisema hifadhi ya maji inayozidi mita za ujazo 25,000 juu ya usawa wa ardhi lazima iwe kwa rejista, iwe na injinia anayeisimamia, na kila baada ya miaka isiyozidi kumi ije injinia mwingine wa nje aikague. Angalieni tena hiyo nambari. 25,000. Ile wanayoita ndogo huku kwetu, huko sheria hiyo iliipa injinia wake anayejulikana kwa jina.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nishike simu niandike. Mwaka wa 2024 mvua ilipozidi, Aprili 29 kule Mai Mahiu maji yakaua zaidi ya watu 50. Mwanzoni ikasemwa ni bwawa limepasuka, baadaye wakasema ni njia ya maji chini ya reli iliziba kwa takataka na miti, maji yakajaa nyuma yake hadi yakavunja. Siku chache baadaye Wizara ya Usalama wa Ndani ikatoka na orodha ya mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33, ikasema watu walio karibu wana saa 24 wahame. Tulisikia hiyo amri kwa redio. Watu walibeba magodoro usiku kwenye matope, wagonjwa wakabebwa kwa wilbaro, shule ikajaa, mama mmoja jirani yetu alijifungulia kwa darasa. Hatukukataa. Uhai kwanza.

Lakini maji yalipopungua tulirudi na swali ambalo halijajibiwa hadi leo. Kama serikali ilikuwa na orodha ya kutuhamisha, basi inajua mabwawa yako wapi. Inajua na watu walio chini wako wapi. Orodha ya kutoa mtu kwake kwa saa 24 ilipatikana kwa haraka, kwa nini orodha ya silanga limekaguliwa lini na na nani na likakutwa na nini haipatikani kwa mwaka mzima? Kwani ni rahisi kumhamisha mama mjamzito kuliko kumtuma injinia? Sisemi kwa hasira, nauliza kwa dhati, juu mwaka huu mvua itakuja tena na tutasikia tena redio.

Tumejaribu njia za kawaida. Tulienda ofisi moja, tukaambiwa mambo ya maji ni ya ofisi nyingine, hiyo nyingine ikasema mambo ya mazingira si yao, tukaenda kwa ya mazingira tukaambiwa tuandike barua, tukaandika, ikagongwa mhuri wa kupokelewa na tukapewa nakala. Nakala tunayo. Ofisi sitazitaja, watu wa pale wengine walitupokea vizuri hata chai tukapewa. Lakini kitu tulichoambiwa mara nyingi ni kwamba hiyo ni mali ya mtu binafsi, hatuwezi kuingilia.

Hapo ndo nataka tuelewane vizuri. Shamba ni la mtu. Tuta ni la mtu, alilipia dizeli ya buldoza. Lakini maji yaliyo nyuma ya tuta si yake peke yake, Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, ndo maana mtu anahitaji kibali kuyazuia na kuyatumia. Kibali kinatoka kwenu. Na anayetoa kibali ana mamlaka ya kuja kuangalia. Maisha yetu nayo hayako ndani ya ua wa shamba, ila tuta likikatika maji hayatasimama kwa ua.

Na kuhusu faili kuwa siri, Katiba kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu, na inasema kama habari inayoombwa inahusu uhai wa mtu basi ijibiwe ndani ya saa 48. Mimi si wakili lakini kusoma najua. Hii inahusu uhai. Kwa hivo chukueni barua hii kuwa pia ni ombi rasmi chini ya sheria hiyo, na kama kuna fomu ya kujaza tuleteeni tutajaza hata usiku.

Tukishaona faili, mambo mengine tunayotaka ni ya kawaida na hayahitaji mabilioni. Wavu na magunia yatoke kwa spilwei sasa hivi wakati ni kavu, hiyo ni kazi ya asubuhi moja na vijana wetu wako tayari kuifanya bure. Injinia asiyelipwa na shamba aje apime tuta, aangalie ule mstari wa udongo mpya, paipu, valvu, na yale maji ya rangi ya chai, na mpaka amalize silanga lisijazwe hadi juu, libaki na nafasi ya kutosha kati ya maji na kilele cha tuta. Najua meneja atasema akipunguza maji zao litaumia, na tunajua zao likiumia vibarua tunaumia, tumeliongea hilo kwa mkutano wetu na akina mama wa kufungasha mboga ndo walisimama wa kwanza wakasema afadhali mshahara wa wiki upotee kuliko mtoto.

Lingine ni la usiku. Solai ilikuwa usiku. Ka Loko alfajiri. Kwetu hakuna king'ora, hakuna namba ya simu, hakuna mtu ambaye kazi yake ni kusimama kwa tuta mvua ikinyesha akiwa na tochi na simu yenye chaji. Tunataka mti wa kupimia uwekwe ndani ya silanga wenye alama, maji yakifika alama fulani mtu fulani anapigia chifu, chifu anapigia wazee wa nyumba kumi, kengele ya kanisa inapigwa, na kila mtu anajua anakimbilia kilima gani, si kufuata barabara juu barabara yetu inapita kwa mkondo huo huo wa maji. Na tufanye zoezi la hilo mara moja kabla ya Machi, na watoto wa shule wawepo, juu shule ya msingi ndo jengo la kwanza kabisa chini ya tuta. Waheshimiwa, mnielewe hapo. Jengo la kwanza. Kuna bweni.

Na kuna yale masilanga yasiyo na mwenyewe. Mzungu aliondoka, kampuni ya kununua ardhi ikagawa shamba, kila mtu akapata ekari zake mbili na silanga likabaki katikati bila mtu, na hakuna anayelikata hata nyasi. Hayo hamtapata meneja wa kumuuliza. Hayo ni yenu moja kwa moja, serikali na kaunti, na jumuiya za watumiaji maji zinaweza kuwasaidia kuyahesabu kama mtazipa nauli na mafunzo kidogo, juu watu wake wanakaa hapo na wanajua kila tundu la fuko.

Kwa mwenye shamba, najua hii barua itakufikia. Bwana, sisi si adui zako. Wengine wetu tumekufanyia kazi tangu shamba likiwa la kahawa. Fungua geti injinia aingie, na uje kwa baraza wewe mwenyewe, usimtume meneja, ukae na sisi usikie. Ukiambiwa tuta liko sawa tutakusaidia kutangaza, na ukiambiwa linahitaji kurekebishwa basi kiangazi ndo wakati wake, maji yakiwa chini na udongo mkavu.

Mheshimiwa Waziri, Mkurugenzi, Gavana, hatuombi pole ya baadaye wala blanketi na unga wa msaada. Baraza ya chifu wetu huwa Jumanne. Tunawaomba mtume mtu mwenye faili na mwenye uwezo wa kujibu maswali, Jumanne yoyote kabla Februari haijaisha, na kama faili halipo mtume mtu wa kuja kusema halipo. Jibu lipelekwe ofisi ya chifu, yeye ana barua hii ikiwa na sahihi na vidole gumba vya wakaaji wote, pamoja na picha tulizopiga za spilwei, za miti na za yale maji ya matope, na tarehe zake.

Ni sisi wakaaji wa chini ya silanga.

Nakala kwa: Kamishna wa Kaunti, Mbunge wetu, MCA wa wodi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, meneja wa shamba.